Jiko la mchina linatoa moshi: mafuta, tambi au hewa?

Jiko la mafuta ya taa likianza kutoa moshi, kesi huisha mapema: mafuta yamechakachuliwa. Mangi wa duka la kona anasemwa, mafuta yananunuliwa kwingine, na kesho yake sufuria inaipuliwa ikiwa nyeusi vilevile. Hatua inayofuata ndiyo mbaya zaidi. Moto ukionekana hafifu, mtu anapandisha tambi. Moto unakua kweli, ila unakuwa mrefu na wa njano, unaramba ubavu wa sufuria, masizi yanaongezeka. Masizi yanaziba matundu ya jiko, hewa inapungua, moto unazidi kufifia, tambi zinapandishwa tena. Nina imani kwamba majiko mengi yanayoishia kwa muuza vyuma chakavu hayakuwa yameharibika. Yalikwama kwenye mzunguko huo na hakuna aliyewahi kuukata.

Hapa nazungumzia jiko la mchina, lile la tambi nyingi ambalo Wakenya huliita stovu. Mwenye nalo anajua sura yake: tangi chini, mirija iliyosimama kwa duara, tambi za pamba ndani ya mirija, kishikio cha pembeni cha kuzipandisha na kuzishusha, halafu makopo mawili yenye matundu, moja ndani ya jingine, yanayokalia duara la tambi. Nje kabisa kuna ganda la bati linalofunika yote na kubeba sufuria. Jiko la pampu nitaligusa mwishoni, maana maradhi yake ni ya ukoo mwingine.

Kinachoungua ni mvuke

Mafuta ya taa hayaungui yakiwa majimaji. Yanapanda yenyewe kwenye nyuzi za pamba, yakifika juu joto linayageuza mvuke, na mvuke ndio unaoshika moto. Utambi kazi yake ni kupandisha mafuta. Pamba yenyewe haitakiwi kuungua. Makopo yenye matundu kazi yake ni kuuchanganya mvuke na hewa katika ule upenyo mwembamba kati yao. Mvuke ukipata hewa ya kutosha, na makopo yakiwa yameshapata moto, mwali unakuwa mfupi, wa bluu, wenye mvumo mdogo tu.

Hewa isipotosha, sehemu ya kaboni iliyomo kwenye mafuta inabaki bila kuungua, vumbi jeusi jepesi sana. Vumbi hilo likiwa bado ndani ya mwali linang'aa kwa joto, na huo ndio unjano tunaouona. Likiponyoka nje kabla ya kuungua, ni masizi. Koroboi inalitegemea vumbi hilohilo ili itoe mwanga, na ndiyo sababu dari ya chumba cha koroboi huwa nyeusi. Kwenye jiko hatutafuti mwanga, kwa hiyo kila ulimi wa njano ni mafuta uliyoyalipia na hayakupika kitu.

Hewa yenyewe inayotakiwa ni nyingi kuliko wengi wanavyodhani. Lita moja ya mafuta ya taa, ili iungue yote, inahitaji hewa ya kilo 12 hivi, sawa na mita za ujazo 10. Chumba cha kupanga cha mita 3 kwa 3 chenye dari ya mita 2.5 kina mita za ujazo 22.5 tu za hewa, na humo mna kitanda, kabati na watu wanaopumua. Jiko halisubiri hewa iishe ndipo lilalamike; upungufu mdogo unatosha kugeuza bluu kuwa njano. Jiko lililokuwa linawaka vizuri mlango ukiwa wazi, likabadilika mlango ulipofungwa, halina ugonjwa wowote. Fungua dirisha.

Lita hiyohiyo ikiungua hutoa pia maji, karibu lita nyingine nzima, yakiwa mvuke. Ndiyo maana sufuria ya maji baridi ikibandikwa hutokwa jasho kwa chini na matone yakadondokea motoni yakilia chwaa. Wapo wanaoipeleka sufuria kwa fundi wakidhani imetoboka. Ngoja maji yapate moto kidogo, jasho litakauka lenyewe.

Moshi wa rangi gani, unatoka lini, upande gani

Kabla ya kushika mkasi au kumwaga mafuta, tazama mambo hayo matatu. Yanachukua muda mfupi na yanafuta nusu ya dhana.

Moshi mweusi ni masizi: mvuke umezidi hewa. Moshi mweupe au wa kijivu, unaowasha macho na kunuka mafuta mabichi, ni mvuke ambao haukushika moto kabisa. Umepoa hewani ukawa ukungu. Huo mweupe hutokea wakati wa kuwasha, makopo yakiwa bado ya baridi, na wakati wa kuzima, mwali ukiwa umekufa lakini tambi bado za moto. Katika nyakati hizo mbili ni kawaida ya jiko na hakuna cha kutengeneza, ila unaweza kuliwashia na kulizimia nje au mlangoni. Wanaoulaani zaidi moshi wa kuzimia ndio wanaozima kwa kupuliza. Ukipuliza unaua mwali huku tambi zikiwa juu, zinaendelea kutoa mvuke mwingi usiokuwa na moto wa kuula, na mvuke huo ukikutana na cheche unalipuka usoni. Shusha tambi mpaka mwisho, acha mwali ujifie taratibu, usilisogelee. Maji ndiyo usiyamwage kamwe, kwa sababu mafuta yanaelea juu ya maji na moto unasambaa nayo.

Moshi mweupe ukijitokeza katikati ya mapishi ni habari nyingine. Kuna tambi zimezimika huku jirani zake zinawaka na kuzipasha, na mara nyingi chanzo ni maji kwenye mafuta. Tutarudi huko.

Halafu upande. Zunguka jiko zima ukitazama duara la moto. Kama unjano uko sehemu moja tu na kwingine kote ni bluu, chanzo ni cha mahali hapo: kopo limekaa kombo, utambi mmoja umewazidi wenzake, jiko limeinama, au upepo wa mlangoni unausukuma mwali. Mafuta mabovu hayachagui upande. Yakiwa mabovu, duara zima litaonyesha. Ningekuwa na nafasi ya kumfundisha mwenye jiko jambo moja tu, lingekuwa hili, maana linamzuia kumwaga mafuta mazuri.

Tambi

Jiko likiwa limezimwa na kupoa kabisa, toa makopo, pandisha tambi hadi mwisho, zitazame kwenye mwanga wa mchana. Utambi mzima una ncha ya kahawia iliyokolea, laini, ukiibonyeza inatoa unyevu wa mafuta. Utambi mgonjwa amevaa kofia nyeusi ngumu. Ibane kwa kucha: inavunjika kama ukoko wa wali ulioungua, na vipande vinabaki kidoleni vikinata. Chini ya kofia kuna kipande cha kahawia, na chini yake pamba bado nyeupe.

Kofia hiyo ni mabaki mazito ya mafuta, yale yasiyogeuka mvuke kirahisi, yaliyopikwa na moto siku baada ya siku. Mafuta mapya hayawezi kuipenya. Yanatafuta njia ya pembeni, yanatoka kidogo hapa na mengi pale, na moto unakuwa hafifu kwa ujumla lakini mrefu sehemu chache. Ukipandisha tambi wakati huo, unatoa nje pamba safi iliyokuwa imejificha ndani ya mrija. Inatoa mvuke kwa ubavu wake wote, mwingi kuliko jiko lilivyokusudiwa, wakati matundu ya hewa ni yaleyale. Jiko halina kishikio cha kuongeza hewa. Kishikio chake ni cha mafuta tu. Kwa hiyo kila unapokizungusha kwenda juu kupita kiasi, unaongeza upande mmoja wa mchanganyiko na kuuacha mwingine ulivyo.

Dawa ni mkasi. Shusha tambi mpaka kilichobaki juu ya mdomo wa mrija kiwe ni ile kofia peke yake, kisha kata kwa mkasi mkali ukiutumia mdomo wa mrija kama rula. Ukimaliza duara, zipandishe kidogo pamoja uone kama ziko kimo kimoja. Utambi mmoja ukizidi kwa milimita chache, huo mmoja unatosha kuchora mstari mweusi kwenye sufuria mpaka ukadhani jiko zima limeharibika. Hata uzi mmoja uliochomoza una ulimi wake wa njano. Usiparuze kwa kisu wala usivute nyuzi kwa vidole; kuvuta kunaacha ncha zenye manyoya, na manyoya ndiyo yanayotoa masizi.

Hapa niingize tahadhari, maana ushauri wa mtandaoni unachanganya watu. Utasoma mahali kwamba utambi husafishwa kwa kuacha mafuta yaishe kabisa huku jiko linawaka, uchafu ujiunguze wenyewe. Ushauri huo upo na ni sahihi, lakini ni wa hita za kupashia chumba, zile zilizoenea Japani na pia Marekani, ambazo nyingi zina utambi wenye ncha ya nyuzi za kioo. Kioo hakiungui. Pamba inaungua. Ukiifanyia hivyo jiko la mchina unabaki na majivu kwenye mirija.

Tambi zikishakuwa fupi hadi hazigusi sakafu ya tangi, mkasi hausaidii tena, badilisha. Hata kabla ya hapo, ujue kwamba utambi unapandisha mafuta kwa nguvu ndogo, na kadiri mafuta yanavyoshuka tangini ndivyo safari inavyorefuka. Jiko linalowaka vizuri tangi likiwa limejaa na kulegea likikaribia kuisha linafanya linavyopaswa. Kinacholiumiza ni kuendelea kupikia mafuta yakiwa chini kabisa, kwa sababu pamba isiyopata mafuta inaanza kuungua yenyewe.

Unaponunua tambi mpya, chomoa uzi mmoja uuchome mbali na jiko. Uzi wa pamba unaungua na kuacha majivu laini yenye harufu ya karatasi iliyoungua. Ukiyeyuka na kujiviringa kuwa punje ngumu, hiyo ni nailoni au mchanganyiko wake, mrudishie muuzaji. Ndani ya mrija utambi uwe umejaa bila kukabwa: ukibanwa sana mafuta hayapandi, ukilegea unateleza chini na kuacha upenyo. Na usiache mrija hata mmoja mtupu kwa kubana matumizi. Mrija usio na utambi ni mlango wazi kati ya moto na tangi. Baada ya kuzifunga zote, mimina mafuta na uziache zinywe kwa nusu saa au zaidi kabla ya kuwasha. Ukiwasha mapema, ncha zinapata ukoko siku ya kwanza na umerudi ulikotoka.

Makopo, sufuria na upepo

Makopo yenye matundu huwa yanasahaulika kwa sababu yanaonekana ni bati tu. Yainue uyatazame kuelekea jua. Kila tundu lililozibwa na masizi, au na uji na mchuzi uliofurika ukakaukia hapo, ni hewa iliyopungua mahali hapo. Mswaki wa zamani mkavu au brashi ya waya unatosha. Usitumie msumari, kwani unalipanua tundu, na ukubwa wa matundu ndio uliopimwa kulingana na mvuke wa tambi. Kopo lililopinda au lililoliwa na kutu hadi matundu mawili matatu yameungana halitengenezeki, lakini mafundi wengi wa majiko huuza makopo peke yake na huhitaji kununua jiko jipya.

Ukiyarudisha, yazungushe kidogo kushoto na kulia mpaka uyasikie yamekaa. Kopo la ndani likikaa kombo kwa unene wa shilingi tu, upande mmoja upenyo unapanuka na mwingine unabana, na hapo ndipo moshi wa upande mmoja unapoanzia. Jiko nalo likae mahali tambarare. Hewa ya kopo la ndani huingia kwa chini, kati ya tangi na sehemu ya moto, kwa hiyo jiko lililozamishwa kwenye beseni au lililozungushiwa maboksi kukinga upepo limenyimwa pumzi, achilia mbali hatari ya boksi kushika moto. Kama upepo ni tatizo, hamisha jiko.

Baada ya kuwasha, usibandike sufuria papo hapo. Acha jiko liwake kwa moto wa kati dakika chache hadi kopo la ndani lianze kuiva rangi nyekundu na unjano upungue wenyewe. Chuma cha moto ndicho kinachosaidia mvuke uchanganyike vizuri. Ukibandika sufuria ya maji baridi juu ya jiko ambalo bado ni baridi, unaupoza mwali kabla haujakamilika, na masizi ya dakika hizo za mwanzo ndiyo hayo unayoyasugua jioni kwa mchanga na majivu. Mambo ni hayohayo kwa sufuria kubwa ya shughuli inayofunika jiko lote hadi pembeni: moshi uliokwisha kuungua unakosa pa kutokea, na hewa mpya haiingii. Jiko dogo halikuundwa kwa pilau la watu hamsini.

Kuna mtindo wa kupaka sabuni chini ya sufuria ili masizi yatoke kirahisi. Ni ujanja mzuri wa kuosha. Kwa jiko lenyewe haufanyi lolote.

Nyanda za juu zina sababu yao ya ziada. Kwenye kimo cha mita 2,000, kama ilivyo kwa sehemu za Njombe au Limuru, hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 20 kuliko Dar es Salaam au Mombasa, na matundu yaleyale yanapitisha oksijeni kidogo. Jiko lililohamia huko na mwenyewe litataka tambi chini kidogo ya ulivyozoea Pwani.

Na mafuta je?

Sasa tumfikie Mangi. Mafuta ya taa yana sifa mbaya kwa haki, ila sifa hiyo ilitoka upande mwingine. Kwa miaka mingi yalitozwa kodi ndogo kuliko dizeli kwa kuwa yalihesabiwa nishati ya wanyonge, na wajanja wakayachukua kuchakachulia dizeli. Tanzania ilianza kuweka vinasaba, yaani alama ya kemikali ya kutambua mafuta halali, mwaka 2010 chini ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na bajeti ya 2011 ikapandisha sana kodi ya mafuta ya taa ili kuua faida ya mchezo huo. Kenya ikafuata njia hiyo mwaka 2018 kwa tozo ya shilingi 18 kwa kila lita. Angalia mwelekeo: yaliyokuwa yanachafuliwa ni ya magari, kwa kutumia ya jikoni. Mafuta ya jiko lako yakichafuka, uwezekano mkubwa ni uzembe wa njiani: dumu lililobeba dizeli jana, faneli moja kwa mafuta yote, pipa lililokaa kwenye mvua na mfuniko uliolegea.

Maji ndiyo mepesi kuyagundua. Mimina mafuta kwenye chupa ya kioo isiyo na rangi, iache itulie usiku kucha. Maji ni mazito zaidi, yatakaa chini na mstari utauona wazi. Kwenye jiko dalili yake ni moto unaopiga chapa-chapa, unaozimika utambi mmoja mmoja na kutoa ule moshi mweupe wa katikati ya mapishi. Kumwaga mafuta pekee hakutoshi, kwa sababu utambi ulioshiba maji haupandishi mafuta tena. Futa tangi likauke na uzianike tambi juani, au uweke mpya.

Dizeli inahitaji subira. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe, pembeni yake dondosha tone la mafuta ya taa unayoyaamini, uziache karatasi kivulini hadi kesho. Mafuta ya taa safi yanayeyuka hewani bila kuacha doa la maana. Yenye dizeli yanaacha doa la grisi linalopitisha mwanga. Dizeli ni nzito, haigeuki mvuke kwa urahisi, na inajenga ile kofia nyeusi haraka mno. Mafuta ya taa ya kawaida yaliyokaa miezi mingi juani kwenye dumu jeupe huelekea tabia hiyohiyo. Yakishageuka manjano yaliyokolea, usiyategemee kwa kupikia. Yaweke kivulini, kwenye chombo chenye mfuniko, na si kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Mtoto akiyanywa usimtapishe, maana yakirudi yanaweza kuingia mapafuni, mkimbize hospitali.

Petroli ni jambo la kuogopa. Viwango vya kawaida vya mafuta ya taa vinataka yasitoe mvuke wa kushika moto chini ya nyuzi joto 38, kwa hiyo tangi linabaki salama hata siku ya jua kali la Dar. Petroli inatoa mvuke wa namna hiyo hata kwenye baridi ya barafu. Kiasi kidogo tu ndani ya tangi linalopata joto kinatosha kuligeuza jiko kuwa bomu. Ukinusa harufu ya petroli, au tone likakauka kwenye karatasi huku unalitazama, usijaribu kuwasha uone. Yapeleke mafuta nje, mjulishe aliyekuuzia, na wajulishe majirani walionunua hapo. Na hata kama mafuta ni safi, usijazie jiko likiwa linawaka au bado la moto.

Bluu si kibali cha kufunga mlango

Moto wa bluu umemaliza masizi, haujamaliza sumu zote. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na inatokea pale hewa inapopungua hata kabla hujaona njano ya kukushtua. Kichwa kikianza kuuma na watu wote chumbani wakajisikia wachovu kwa pamoja, toka nje kwanza. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2014 kuhusu nishati za majumbani, halihimizi mafuta ya taa yatumike majumbani, wakati utafiti zaidi kuhusu madhara yake kiafya ukiendelea. Mwenye uwezo wa gesi au umeme ana sababu ya kuhama. Asiye nao apikie barazani inapowezekana, na asilale na jiko linalowaka kwa ajili ya joto.

Jiko la pampu

Jiko la pampu, ambalo Frans Wilhelm Lindqvist alilianzisha Sweden mwaka 1892 kwa jina la Primus, halina utambi. Pampu inasukuma mafuta kwenye bomba linalopita juu ya moto, yanageuka mvuke humo, na mvuke unarushwa kupitia kijitundu chembamba. Kwa hiyo bomba lazima lipate moto kabla mafuta hayajafika. Ndiyo kazi ya spiriti inayowashwa kwenye kile kisahani kidogo. Ukiharakisha, ukapampu spiriti ikiwa bado katikati, kijitundu kinarusha mafuta mabichi na moto wa njano unapanda hadi usawa wa kichwa. Likitokea hilo usikimbilie pampu. Legeza skrubu ya kutolea hewa, presha ishuke, moto ufe, kisha uanze upya na spiriti ya kutosha iungue karibu yote.

Kama limepata moto vizuri na bado ni la njano, angalia kijitundu. Kikiwa kimeziba kiasi, mvuke unatoka kombo na moto unaelemea upande. Sindano yake maalumu inazibua. Kasoro hutokea pale sindano inapopotea na waya wa baiskeli ukashika nafasi yake. Tundu likishapanuliwa linapitisha mvuke mwingi kuliko hewa inayovutwa nao, na njano inakuwa ya kudumu hata usafishe vipi. Kipande hicho hufunguliwa kwa spana ndogo na huuzwa peke yake. Kabla ya kukifungua, hakikisha tangi halina presha na hakuna moto karibu.